Mbona Dar hatuna mwanamke wa kukaa na gitaa lake akaimba mambo yake mwenyewe?

#1 KitiChaDirisha
Wakuu, salaam.

Jana usiku natoka Mbagala narudi Mabibo. Gari limejaa, foleni ya Buguruni haisogei, konda anagombana na mama mmoja kuhusu chenji. Redioni ukaanza ule wimbo wa Mmarekani Tracy Chapman wa gari la kasi, Fast Car. Mnajua kilichotokea? Kimya. Konda kanyamaza, yule mama kanyamaza, jamaa aliyekuwa anaongea na simu kwa sauti ya mnada akashusha simu mapajani. Nina hakika nusu yetu mle ndani hatukuelewa maneno yote, ila tulielewa.

Nikabaki na swali hadi nafika kwangu. Wa kwetu yuko wapi? Simaanishi msanii wa kike, hao tunao tele na wengine wazuri sana. Naulizia mwanamke mwenye gitaa lake, anayejilipia studio yake, hana meneja wa kumwambia vaa hivi, anaimba mambo ya nyumbani kwao: baba yake, deni lake, mimba iliyotoka. Sio "umeniacha naumia" ambayo kila mtu anaweza kuivaa kama kandambili za msikitini.

Mimi nasema hatuna. Na hatuna kwa sababu tunaogopa. Karibuni mbishe.

#2 ChaiYaRangi
Naweka kiti hapa. Aliye karibu na muhogo alete.

#3 Mzee wa Kanda
Kijana, mada nzuri lakini mfano umeuanza kwa mguu mbovu. Tracy Chapman hakujilipia. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1988 chini ya Elektra, kampuni kubwa ya Marekani. Kilichomtoa ni bahati na gitaa. Tarehe 11 Juni 1988 kulikuwa na onyesho pale Wembley, London, la kutimiza miaka 70 ya Mandela. Dada wa watu alishaimba zamu yake mapema, kamaliza. Baadaye Stevie Wonder akafika, ikagundulika kifaa chake chenye muziki hakipo, akagoma kupanda. Jukwaa tupu, dunia nzima inatazama. Wakamwita Tracy arudi, kwa kuwa yeye hahitaji kufungiwa mitambo, ana gitaa na mdomo. Ndipo akauimba huo uliokunyamazishia konda.

Kanda yake mimi nilirekodiwa Kariakoo. Upande wa pili jamaa alinijazia Franco wa Kongo na bendi yake ya TPOK Jazz ili nafasi isipotee. Hadi leo nikiusikia huo wimbo unapoisha, kichwa kinasubiri magitaa ya Franco yaingie.

#4 Nyuki wa Tabata
Nimkazie Mzee wa Kanda. Tena huo wimbo si maisha yake. Mwenyewe amewahi kueleza kwamba hakuwa anajisimulia, alikuwa anachora watu aliowaona alipokulia, Cleveland huko Ohio. Yule binti wa kwenye wimbo anayeacha shule amtunze baba mlevi, anayefanya kazi ya kaunta dukani, ni mtu wa kutungwa. Kwa hiyo KitiChaDirisha umelia na konda wako kwa hadithi ya kubuni. Pole.

#5 KitiChaDirisha
#4 hakuna aliyelia. Foleni ya Buguruni ina vumbi.

Nimekubali masahihisho. Basi nipeni aliyejilipia kweli.

#6 Msomi wa Usiku
Ani DiFranco. Mwamerika wa Buffalo, jimbo la New York, kazaliwa 1970. Mwaka 1990, hajafika hata miaka 21, akaanzisha lebo yake mwenyewe, Righteous Babe Records, kwa sababu alikuwa na nyimbo na hakutaka bosi. Alianza kwa kuuza kanda mkononi baada ya kila onyesho, anazunguka mji hadi mji na gari. Kampuni kubwa zilipomfuata baadaye akazikataa. Hapo ndipo ilipo tofauti na Tracy: wote wana gitaa, ila huyu ana na funguo za duka.

Nyimbo zake ni kama mtu kaacha daftari lake la siri mezani. Mimba, mapenzi na wanaume, mapenzi na wanawake, hasira zake. Na gitaa halipapasi, analipiga kwa vidole kwa nguvu mpaka ikabidi awe anabandika kucha za bandia na kuzizungushia tepu ya umeme ili vidole visichanike.

#7 Sharubu
Kwa hiyo dada zangu wa Kariakoo wana vifaa vyote vya kazi tayari, wamebakiza gitaa tu.

#8 DadaKhanga
#7 tutakuja kwako na hizo kucha.

Sasa mada. Mtoa uzi, "hatuna" ni neno kubwa sana na umelitamka haraka. Mwana Kupona binti Msham wa kisiwa cha Pate, mwaka 1858 hivi, mwanamke mgonjwa kitandani, anamtungia binti yake utenzi: mwanangu, njoo na wino na karatasi, nina neno moyoni nataka nikupe. Kuna jambo la binafsi kuliko hilo? Mama anajijua anakaribia kuondoka, anamwachia mtoto maneno badala ya mali. Hapo huyo Ani wenu bibi yake na bibi yake hawajazaliwa.

Akaja Siti binti Saad. Mtoto wa Fumba, Unguja, nyumba ya wafinyanzi, anatembeza vyungu mjini huku ananadi kwa kuimba. Mwaka 1928 akapanda meli mpaka Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Wenye mji walimcheka kwa nyimbo, kwamba kaja na kaniki zake na asingekuwa na sauti angekula nini. Akawajibu kwa wimbo vilevile. Hakuwa na elimu ya darasani na hakuwa na sura ya kupamba santuri, alikuwa na koo. Ndiyo maana Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Tatizo lenu mnatafuta mwanamke anayeimba kwa namna ya Kizungu, "mimi, mimi, mimi". Mwanamke wa pwani anasema yake kwa fumbo. Mwenye kuelewa ataelewa, asiyehusika atacheza. Khanga ninayovaa leo ina maneno ambayo jirani yangu ameyasoma mara mbili na hajanisalimia.

#9 Kidole Gumba
Samahani natoka nje kidogo ya mada. Najifunza gitaa, uzi mwembamba kabisa umekatika wiki ya pili hii. Nyuzi Kariakoo zinapatikana mtaa gani?

#10 Mwalimu Mstaafu
DadaKhanga umeandika vizuri lakini nitakuchokoza mahali pamoja. Siti hakuwa anajiimba. Alikuwa gazeti la mji. Wimbo wake wa Kijiti ni habari ya mauaji: mwanamke mgeni kapelekwa ngomani, karudi maiti, muuaji katoroka. Alikuwa anaimba kesi, rushwa, udhalimu wa wakubwa. Hiyo ni kazi kubwa pengine kuliko kuimba machozi yako, ila siyo alichoulizia mtoa mada. Hata Mwana Kupona sehemu kubwa ya utenzi ni mawaidha kwa binti: namna ya kuishi na mume, namna ya kuishi na watu. Maradhi yake kayagusa, kapita.

Nimefundisha ushairi miaka mingi. Mwanafunzi akiandika shairi lenye "mimi", nilipomuuliza huyu mimi ni nani, tisa kati ya kumi walijibu: mtu yeyote, mwalimu. "Mimi" katika ushairi wetu ni kigoda, anakaa anayepita. Hapo naona chanzo, siyo uoga.

#11 KitiChaDirisha
Kigoda na kandambili za msikitini, tumesema kitu kimoja mwalimu.

#12 Mwalimu Mstaafu
Hapana. Kandambili ulizisema kwa dharau. Mimi kigoda nakiheshimu.

#13 Fundi Mitambo
Mnaongea ushairi, mimi naleta hesabu. Nimefunga spika kwenye kumbi na baa za mji huu toka enzi mtu anakuja na sidii ikiwa imefungwa kwenye leso.

Miaka michache nyuma kuna sehemu moja Sinza (jina naliacha) walikuwa na usiku wa muziki wa laivu, Alhamisi. Akawa anakuja binti mmoja peke yake. Gitaa kavu, hata halina pa kuchomeka waya, naliwekea maiki mbele. Sauti ya kawaida, siyo ya kupasua glasi. Ila alikuwa na wimbo kuhusu baba yake: mzee aliyehama nyumbani lakini anarudi kila jioni kuchaji simu, kwa sababu kule alikohamia umeme haujaingia. Ndio wimbo mzima. Anakuja, anachomeka chaja, anakaa kwenye kochi kama mgeni, simu ikijaa anaaga. Mama anamwekea maji ya kunywa. Hakuna anayesema kitu.

Nakwambieni meza zote zilinyamaza. Mimi mwenyewe niliacha kugusa vitufe.

Kilichofuata: mwenye baa kaja nyuma ya mitambo, ananiambia mwambie aweke kitu cha kuchangamsha, watu wameacha kuagiza. Ndiyo hesabu yenyewe. Mtu akisikiliza hanywi. Mwimbaji wa biti analeta flashi, anapiga nyimbo nne, watu wanaruka, kreti zinatoka. Wiki ya tano yule binti hakuja. Hakufukuzwa, alilipwa nauli tu mara mbili mfululizo.

Kwa hiyo "hatuna" siyo kweli. Tunao, wanaimbia wapi?

#14 ChaiYaRangi
Mkuu Fundi, huo wa chaja unapatikana wapi? Nimetafuta YouTube na Boomplay sijaona.

#15 Fundi Mitambo
Hakurekodi, kwa ninavyojua. Ninao kipande cha dakika moja na nusu kwenye simu ya zamani ambayo haiwaki.

#16 Sharubu
Simu haiwaki kwa kukosa chaja. Muulize yule mzee.

#17 Mtoto wa Kwaya
Niongeze ambalo hakuna aliyeligusa. Mwanamke wa Dar anayetaka kusema ya ndani ana mahali pa kusemea na panajaa kila Jumapili. Mama anasimama mbele ya watu elfu, anashika maiki, anaeleza alivyoachwa na mume, alivyokaa miaka bila mtoto, alivyolala njaa, jina la mtaa analitaja. Halafu anaimba, na watu wanalia naye na wanampa bahasha. Huo ni ushuhuda. Mwenye kipaji cha kuimba maisha yake anachukuliwa na injili mapema kabla gitaa la Alliance Française, kile kituo cha utamaduni wa Kifaransa, halijamfikia.

Tofauti yake, ushuhuda lazima uishie kwenye ushindi. Wimbo wa mzee wa chaja hauwezi kuimbwa kanisani kwetu, watauliza: sasa Bwana alitenda lini?

#18 Nyuki wa Tabata
#17 hili limeniingia.

#19 Mgogo Halisi
Mnamtafuta mwanamke mwenye ala, swali lenu la kwanza lingekuwa nani alimruhusu kuishika. Dodoma kwetu wanawake wana ngoma yao, muheme, na wanaipiga ukiwa karibu kifua kinaitikia. Lakini zeze na marimba zilikuwa mikononi mwa wanaume. Ukoo wa marehemu Hukwe Zawose, aliyepeleka muziki wa Wagogo duniani kutokea Bagamoyo, wanawake wake miaka na miaka walikuwa waitikiaji na wachezaji. Pendo na Leah Zawose wametoa albamu wakiwa mbele wao wenyewe mwaka 2024, inaitwa Maisha. 2024! Mzee alifariki 2003.

Basi gitaa nalo likafuata njia ileile. Tazameni picha za bendi za dansi za zamani: gitaa la solo mwanaume, la kati mwanaume, la besi mwanaume, wanawake pembeni wamevaa sare.

#20 Mzee wa Kanda
Carola Kinasha. Gitaa lake, nyimbo zake, bendi ya Shada. Mnamruka wote kama dimbwi. Tumemsikiliza hapa hapa mjini nyie mkiwa mnanyonya.

#21 KitiChaDirisha
Mzee hapo umenipiga. Nilimsahau na naona aibu.

#22 Rwabi
Na Saida Karoli je? Binti wa Kagera, ngoma, Kihaya, mwaka 2001 nchi nzima inacheza. Haikuwa na biti ya mtu, haikuwa na Kiingereza. Mwaka 2016 Diamond na Rayvanny wakaurudia wimbo wake, dunia ikacheza tena. Mnasema muziki wa asili wa mwanamke hauuzi!

Enzi hizo nasoma bweni hapa Dar, Wahaya tulikuwa tunawatafsiria wenzetu mashairi kwa malipo ya soda. Ukikosa soda nilikuwa natafsiri vibaya makusudi.

#23 Sharubu
Kumbe ndiyo maana kuna msemo nimeutumia miaka ishirini na kila Mhaya ananicheka.

#24 DadaKhanga
Rwabi umenipa hoja bila kujua. Nchi nzima iliimba kitu ambacho wengi hawakukielewa, na tukakipenda. Fumbo tena hilo, safari hii lugha yenyewe ndiyo pazia.

#25 Kaka wa Mtu
Nimesoma hapa siku mbili bila kuandika. Naandika mara moja.

Mnazungumzia nyimbo za mambo ya ndani kama vile mambo hayo ni ya mtu mmoja. Mdogo wangu wa kike anaimba. Gitaa alinunua kwa mkopo wa kikundi, studio kajilipia, kila kitu kajilipia, ndiye huyo mnayemtafuta. Ana wimbo kuhusu kiwanja cha familia kilichouzwa. Aliyekiuza ni mimi. Nilikuwa na sababu, mama alikuwa anaumwa na kuna hela nyingine ilizama kwenye biashara, sitaeleza hapa.

Anaimba mpaka shati nililovaa siku naleta karatasi mama aweke dole gumba. Shati la bluu lenye kola iliyoliwa. Mama hakuuliza, alifuta wino kwenye khanga. Yupo mtu amewahi kusikia shati lake likiimbwa? Nyie mnaita ujasiri. Mimi sijawahi kuulizwa.

#26 Sharubu
Bila hati ya kiwanja hii ni chai.

#27 Nyuki wa Tabata
Sharubu kaa kimya dakika tano.

Kaka wa Mtu, pole. Swali la kweli kabisa: anakutaja jina?

#28 Msomi wa Usiku
Hili ndilo hasa. Joni Mitchell, Mkanada, mwaka 1965 akiwa binti maskini alizaa mtoto wa kike na akamtoa alelewe na watu wengine. Kwenye albamu yake Blue ya 1971 aliweka wimbo mmoja kwa mtoto huyo. Watu waliusikiliza zaidi ya miaka ishirini wanadhani ni wimbo wa majani na masika. Habari ilipojulikana na mama na binti wakakutana mwaka 1997, ndipo kila mtu akarudi kuusikiliza upya. Kwa hiyo DadaKhanga, hata hao wa "mimi, mimi" wanafumba pale panapouma zaidi.

#29 DadaKhanga
Na mimi nilisema nini?

#30 Karani
Upande wa sheria kwa ufupi, maana naona #25 inaelekea huko. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda maneno na sauti jinsi mtunzi alivyovipanga. Tukio lenyewe halina mwenyewe. Mdogo wako akisajili wimbo COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ni wake, wewe huna fungu kwa sababu shati lilikuwa lako. Akikukashifu kwa uongo hiyo ni njia nyingine, lakini umesema mwenyewe kwamba kiwanja uliuza.

#31 Mtoto wa Kwaya
Karani unamsomea mtu mashtaka kwenye msiba.

#32 Kaka wa Mtu
#27 hapana, hanitaji. Anasema "mjomba". Na mahali ametaja Kisarawe, kiwanja kilikuwa Kigamboni.

#33 Nyuki wa Tabata
Sasa nani alijua ni wewe?

#34 Kaka wa Mtu
Mimi nilijua.

#35 Sharubu
Dakika tano zimeisha. Mkuu, dada yako alikuficha kwa jina, kwa undugu na kwa wilaya. Wewe umekuja mtandaoni kujitoa mwenyewe na shati juu.

#36 Fundi Mitambo
#35 umesema kwa utani ila ndiyo hivyo. Hata yule binti wa Sinza sikuwahi kumuuliza kama mzee wa chaja ni baba yake. Nilijiambia ni baba yake. Baada ya kusoma habari ya Tracy hapo #4 sina uhakika tena. Pengine alikuwa jirani. Pengine hakuna mzee.

#37 KitiChaDirisha
Basi hapo na swali langu linaanza kuvunjika. Nilisema tunaogopa. Fundi anasema baa, Mwalimu anasema kigoda, Dada anasema fumbo, Kwaya anasema kanisa, Mgogo anasema zeze walilishika wanaume. Nimebaki sina upande.

Ila bado sikubali kwamba fumbo linatosha. Mwanamke aliyetokwa na mimba anayesikiliza redio kwenye daladala hataki khanga ya kufasiri. Anataka mtu aseme: ilikuwa Jumanne, nilikuwa jikoni.

#38 Mwanamwali
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Ilikuwa Ijumaa na nilikuwa ofisini. Sijaimba, siwezi kuimba, na sijui kama ningetaka kuusikia wimbo wake ndani ya daladala mbele ya konda. Nyumbani, nimevaa vidude vya masikio, labda. Wanaume mnapanga tuseme nini na tusemee wapi.

#39 KitiChaDirisha
Pole sana dada. Na nimekusikia.

#40 DadaKhanga
Mwanamwali karibu. Hilo la mahali pa kusikiliza halijasemwa popote juu huko. Taarabu ilikuwa na ukumbi wake, unyago una nyumba yake na mlango unafungwa. Bi Kidude alikuwa na ngoma zake za unyago ambazo wanaume hawakuwamo, na ndiye huyohuyo aliyepewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 mbele ya dunia nzima. Alijua kipi cha mlangoni na kipi cha jukwaani. Wimbo wa ndani nao pengine unataka chumba.

#41 Mwalimu Mstaafu
DadaKhanga, nikiwa bado nafundisha ningekualika darasani.

#42 Sharubu
Mwalimu anatupa ndoano kistaarabu.

#43 Msomi wa Usiku
Kuna jambo la vitendo kwa wadada wanaosoma hapa. Siku hizi simu moja na godoro lililosimamishwa ukutani vinarekodi gitaa na sauti vizuri kuliko kanda alizouza DiFranco mwanzoni. Usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa) na COSOTA upo, fuatilieni. Kikwazo cha studio kimepungua sana. Kilichobaki ni watu wa kusikiliza, na hao hawauzwi Kariakoo.

#44 Fundi Mitambo
Godoro sawa, ila zima feni kwanza. Na jirani mwenye kuku muombe radhi mapema. Nimesafisha rekodi moja Mwananyamala, jogoo anaitikia kila kiitikio na alikuwa kwenye ufunguo sahihi, tukamwacha.

#45 ChaiYaRangi
Kaka wa Mtu, mlishaongea na mdogo wako?

#46 Kaka wa Mtu
Tunasalimiana. Idi alikuja, akala, akaosha vyombo.

Juzi nimepita kwa mama. Alikuwa barazani anachambua mchele, anaufuatisha ule wimbo kwa pua, maneno hayatoki, sauti tu. Ulipofika ubeti wa shati akaniona nimesimama mlangoni. Akasema kuna chai kwenye chupa.

#47 Mtoto wa Kwaya
Ukanywa?

#48 Kaka wa Mtu
Nikanywa.

#49 Kidole Gumba
Wakuu, swali langu la #9 bado halijajibiwa. Sasa umekatika na wa pili.

#50 Mzee wa Kanda
Njoo inboksi kijana. Ninazo za akiba, nilinunulia mtoto akahamia kinanda.